Vumbi Juu ya Reli Ndogo

Jioni ya siku ya kazi, katika miji mingi ya Uingereza, chakula kikisha kuondolewa mezani na vyombo vikisha kuoshwa, yupo mtu wa makamo ainukaye kimya kimya sebuleni, akapanda ngazi ya mbao, akaingia darini. Huko juu, mahali ambapo watu wengine huweka masanduku ya nguo kuukuu, ipo nchi nzima iliyojengwa juu ya mbao: stesheni yenye saa ukutani, kilima kilichotobolewa njia ya chini kwa chini, mto usiotiririka, na reli mbili zizungukazo chumba chote. Mkewe aliyebaki chini anayajua yatakayofuata. Kwa muda wa saa nzima hautasikika mlio wa treni hata mara moja. Kitasikika kitambaa tu, kikisugua chuma.

Mtu wa namna hii si mtoto aliyekataa kukua, wala si mvivu akimbiaye kazi za nyumbani. Ni mmoja wa maelfu ya watu, katika Ulaya, Marekani na Japani, ambao mapumziko yao ni kujenga mfano mdogo wa garimoshi na kila kitu kilizungukacho. Amali hiyo ni ya zamani. Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya mji wa Leipzig nchini Ujerumani, kampuni ya Märklin ilionyesha treni ndogo ya kutiwa ufunguo pamoja na vipande vya reli vilivyotengenezwa kwa vipimo maalumu, hata mnunuzi aliweza kuongeza kipande kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao. Nchini Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool, ambaye mwaka 1901 alikwisha pata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa vyuma vya kuungia vichezeo, alianza kuuza treni za ufunguo mwaka 1920. Mwaka 1938 kampuni yake ikatoa treni ndogo za umeme ziwezazo kukaa juu ya meza ya kulia chakula. Lakini kabla ya hayo yote, mwaka 1910, watu wazima wa London walikwisha unda chama chao cha mifano ya reli, nacho hutajwa kuwa kikongwe kuliko vyote duniani. Kwa hiyo tangu mwanzo baba na mwana waligombania kichezeo hicho hicho, na mara nyingi baba ndiye aliyeshinda.

Ili msomaji aone udogo wa mambo haya, yafaa ajue vipimo vyake. Kipimo kitumiwacho zaidi Uingereza ni cha 1 kwa 76. Katika bara la Ulaya na Marekani ni 1 kwa 87. Maana yake ni kwamba kilomita moja ya ardhi, ikipunguzwa mara 76, hubaki mita 13 tu, na hata hizo mita 13 ni nadra kupatikana katika nyumba ya mtu wa kawaida. Ndiyo sababu kila fundi hulazimika kuficha mwisho wa nchi yake nyuma ya kilima au chini ya daraja, ili mtazamaji adhani treni imekwenda mbali, kumbe imesimama nyuma ya ubao ikingoja zamu ya kurudi. Aidha treni ya kweli iendayo kilomita 100 kwa saa, mfano wake hupasa kwenda sentimita 36 tu kwa sekunde. Watoto hupenda kuiendesha kwa kasi kuliko hiyo. Na hapo ndipo linapoanza nung'uniko la kwanza la wazee.

Kazi ya kila siku, ile isiyokwisha, ni usafi. Treni hizi hutumia umeme mdogo, kwa kawaida volti 12, nao hupita katika reli zenyewe, ukaingia katika magurudumu, ukafika kwenye mota. Baina ya reli na gurudumu mahali panapogusana ni padogo kuliko kichwa cha pini. Punje ya vumbi, unywele wa paka, au utando mwembamba wa mafuta watosha kukata umeme, na injini iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi mingi ikasimama katikati ya daraja kama punda aliyegoma. Kwa hiyo kabla ya treni kutembea, reli hupanguswa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilichotiwa spiriti kidogo. Wapo watumiao kifutio kigumu chenye mchanga, lakini mafundi wazoefu hukikataza, kwa kuwa huacha mikwaruzo juu ya chuma, na mikwaruzo hiyo huwa mashimo ya kukusanyia uchafu mpya. Magurudumu nayo husafishwa moja moja. Mafuta ya mashine hutiwa tone moja kwa ncha ya sindano, wala si zaidi, kwani tone la pili litamwagikia reli na kuirudisha kazi yote mwanzo.

Askari aliyewahi kukaguliwa bunduki yake asubuhi hatahitaji kuelezwa zaidi. Yeye ajua kwamba silaha haisafishwi kwa sababu imechafuka. Husafishwa kwa sababu siku imefika. Ndivyo ilivyo kwa reli ndogo. Yule aahirishaye leo na kesho, akisema vumbi bado halijaonekana, ndiye ambaye treni yake itakwama siku wageni watakapokuja. Hata katika mji wa Hamburg, palipofunguliwa mwaka 2001 maonyesho makubwa mno ya reli ndogo, yenye treni zaidi ya 1,000 na reli ndefu kuliko kilomita 15, adui ni yule yule wa darini. Watu huajiriwa huko kuendesha na kurekebisha, na kupangusa ni sehemu ya kazi wanayolipwa mshahara.

Baada ya usafi huja ratiba. Wengi wa mafundi hawa hawaridhiki kuiona treni ikizunguka tu. Huandika saa za kuondoka na kufika, hupanga behewa lipi lipeleke makaa na lipi lirudi tupu, wakaweka zamu kama zile za stesheni ya kweli. Marafiki wawili watatu hukutana jioni moja katika juma, mmoja akawa dereva, mwingine mwenye kushika ishara, wa tatu mpangaji wa mabehewa. Hapo huzuka ubishi juu ya nani aliyechelewesha treni ya saa mbili, nao huendelea hadi chai itakapoletwa. Wakati wa joto dari huwa kama tanuri, chuma cha reli hurefuka na kupinda kama hakikuachiwa nafasi baina ya vipande. Wakati wa baridi vidole hufa ganzi na gundi haikauki. Hayo yote hunung'unikiwa, na juma lifuatalo wale wale hurudi pale pale.

Manung'uniko ya nyumbani ndiyo yahitajiyo busara zaidi. La kwanza ni nafasi. Reli ndogo huanza juu ya ubao mmoja chini ya kitanda, kisha hutambaa. Mwaka wa pili imeshika meza, wa tatu imeshika chumba cha wageni, wa tano bwana ameanza kupima ua wa nyuma. La pili ni fedha, kwa maana injini moja nzuri yaweza kula sehemu kubwa ya matumizi ya nyumba, na mara nyingi huagizwa mapema, ikangojwa mwaka mzima au zaidi, na bei ikawa imepanda kabla haijafika. Pana mzaha wa siku nyingi miongoni mwa mafundi hawa, kwamba kila mmoja huogopa mkewe asije akaziuza treni zake kwa bei ile aliyomwambia alizinunulia. Watu hucheka, lakini mzaha huo hufunika jambo lisilo la kuchekwa. Mume afichaye bei ya kichezeo hujifunza kuficha na mengine.

La tatu ni zulia. Vipande vya mifano hii ni vidogo mno. Chemchemi ya kiunganishi cha mabehewa yaweza kuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Kikiponyoka kwenye kibanio, huruka na kutoonekana tena, hata mafundi husema kwamba ndani ya zulia limo jini lilalo vyuma. Hapo bwana hupiga magoti na taa mkononi, akakataza mtu yeyote asipite, na mtoto asifagie, mpaka kipande kipatikane. Mke mwenye subira humletea kikombe cha chai pale pale chini. Mke asiye na subira huleta ufagio. Katika nyumba zilizotulia, wawili hao huwa wamekwisha kubaliana mambo matatu: reli isivuke mlango fulani, fedha isipite kiasi fulani kwa mwezi, na jioni moja katika juma darini pasipandwe kabisa. Mapatano hayo ni madogo, nayo huzuia ugomvi mkubwa.

Penye wengi pana mengi, na katika vyama ndiko manung'uniko yanakonoga. Humo wamo watu ambao wenzao huwaita wahesabu ribiti. Hao huinama juu ya injini ya mtu, wakaitazama kwa kioo cha kukuza, kisha wakamwambia kwamba ribiti za ubavuni ni chache kuliko zile za injini ya kweli, au kwamba rangi ile ya kijani haikutumika mwaka ule. Mwenye injini hujibu kwamba yeye ametaka treni, hakutaka mtihani. Lakini pasipo wahesabu ribiti, mengi yangesahauliwa, maana hao ndio watafutao michoro ya zamani na picha za stesheni zilizokwisha bomolewa. Chama chenye akili huwaheshimu, kikawaomba waseme kwa upole.

Ugomvi wa kale kuliko wote ni juu ya upana wa reli. Reli ya kawaida ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435. Ikipunguzwa mara 76, ingepasa kuwa karibu milimita 19. Lakini ile iuzwayo madukani ni ya milimita 16.5, ambayo ni sawa na kuibana reli ya kweli kwa sentimita 18 hivi. Sababu yake yajulikana. Zamani, mota za umeme zilipokuwa bado kubwa, hazikuweza kuingia katika mwili wa injini za Kiingereza uliopunguzwa mara 87, kwa kuwa injini hizo ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya. Watengenezaji wakaukuza mwili mpaka kipimo cha 1 kwa 76, wakaiacha reli kama ilivyokuwa. Mota zimekwisha kuwa ndogo, lakini kosa limebaki, kwa maana mamilioni ya vipande vimo majumbani mwa watu. Wapo waliong'oa kila kitu wakaanza upya kwa upana ulio sahihi. Wengi wamekaa na kosa lao, wakilinung'unikia kila mwaka kama mtu anung'unikiavyo mvua.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika mambo haya. Kati ya mwaka 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilitengeneza injini 34 za mvuke kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, kila moja yenye uzito wa zaidi ya tani 250 na jina la mlima wa nchi hizi. Moja yao, iitwayo Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi, na wazee waliosafiri kutoka Mombasa wakati wa injini hizo hawajausahau mvumo wake. Mtu wa Ulaya atakaye kujenga mfano wake hawezi kutumia reli ya milimita 16.5, kwa sababu reli ya huku ilikuwa na upana wa mita moja. Mita moja ikipunguzwa mara 87 ni milimita 11.5, basi yeye huchukua reli ya milimita 12, iliyotengenezwa kwa ajili ya treni za milima ya Uswisi, akaipitisha katika nyika ya udongo mwekundu alioupaka kwa brashi. Injini iliyokuwa na urefu wa karibu mita 32 huwa ya sentimita 36 hivi, na mtu aweza kuibeba kwa mikono miwili.

Mara moja au mbili kwa mwaka chama hufungua milango kwa watu wote. Vibao hufungwa kwa kamba, hupakiwa garini, na hupangwa tena katika ukumbi wa shule au wa kanisa. Siku hizo manungʼuniko huwa mapya. Wageni hupita na mikoba mikubwa mgongoni, wakigeuka husomba miti na nguzo za taa. Mtoto huuliza mbona hakuna kinachotembea, na kweli hakuna, kwa sababu wenye treni wamesimama wakizungumza wao kwa wao. Mara injini hukwama, na mkono mkubwa hushuka kutoka angani, ukaisukuma, ukarudi juu. Abiria wa plastiki hawashtuki. Jioni, wakikunja vitu, wazee hurudia nung'uniko kubwa kuliko yote: kwamba vichwa vimejaa mvi, na vijana hawaji.

Mwezi wa Mei 2019, vijana walikuja. Chama cha mji wa Market Deeping, mashariki ya Uingereza, kilikuwa kimeandaa maonyesho katika ukumbi wa shule mjini Stamford. Kazi za watu zilikwisha pangwa tangu jana yake, reli zimepanguswa, ratiba imeandikwa. Usiku kabla ya watu kuingia, vijana wanne waliingia ukumbini wakavunja na kukanyaga mifano hiyo. Asubuhi wenyewe walikuta vipande sakafuni. Baadhi ya kazi zile zilikuwa zimejengwa kwa miaka mingi, jioni baada ya jioni, na mikono iliyozijenga haikuwa tena mikono ya ujana. Wazee waliozoea kununa kwa ajili ya mkoba wa mgeni siku hiyo walilia. Polisi waliwakamata vijana hao, nao baadaye mahakamani walikiri kosa lao.

Chama kiliomba msaada wa paundi 500. Zilipatikana zaidi ya paundi 100,000, kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakupata kuwaona wazee hao. Mwimbaji mashuhuri Rod Stewart peke yake alitoa paundi 10,000. Wengine walishangaa, hawakujua kwamba naye ni mmoja wao. Mwaka huo huo wa 2019 ilionyeshwa kazi yake, mji wa Kimarekani wa miaka ya 1940 katika kipimo cha 1 kwa 87, aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 20. Katika safari zake za kuimba alikodi chumba cha ziada hotelini ili apate mahali pa kupaka rangi majumba yake. Yeye aliyajua yaliyopotea Stamford.

Fedha zile zaweza kununua mbao, mota na reli. Haziwezi kununua jioni zilizopita. Hata hivyo zilionyesha jambo ambalo wenye reli ndogo hawakulitambua walipokuwa wakinung'unika. Kila mmoja alidhani yu peke yake darini na kitambaa chake, akisugua kitu ambacho hakuna mwingine akithaminiye. Kumbe katika maelfu ya nyumba mtu mwingine alikuwa akisugua vile vile, akivumilia jini la zulia na wahesabu ribiti, naye alipoambiwa kwamba kazi ya mwenziwe imevunjwa, aliufahamu uzito wake bila ya kuelezwa. Kazi ndogo irudiwayo kila siku ndiyo iliyowafunga pamoja. Treni yenyewe ilikuwa kisingizio.

Mintarafu ya vijana, samaki mkunje angali mbichi. Mahakama yaweza kumfundisha mtu kwamba kuvunja ni kosa. Haiwezi kumfundisha kujenga kunavyochosha. Hilo hujulikana kwa mikono tu. Mtoto aliyewahi kushona mkufu wa shanga, au kuunda gari la waya na magurudumu ya mifuniko ya chupa, huogopa kukanyaga kitu cha mtu, kwa kuwa ajua siku ngapi zimo ndani yake. Mzazi amwitaye mwanawe amshikie taa akitengeneza kiti, ingawa mtoto atachelewesha kazi na kumwaga misumari, hapotezi wakati. Kadhalika wazee wa vyama wanaonung'unika kwamba vijana hawaji, hupasa kwanza kuwaachia usukani, wavumilie treni ipite kwa kasi kuliko ile sentimita 36.

Na kule darini jioni imekwenda. Reli imekwisha kupanguswa mzunguko mzima. Bwana anaita kutoka juu kwamba treni ya saa mbili iko tayari kuondoka, kama kuna atakaye kuiona. Mkewe anaweka kando ushonaji wake, anapanda ngazi taratibu na kikombe mkononi, mtoto yu nyuma yake. Injini inaondoka stesheni, inavuka daraja, inaingia chini ya kilima. Kisha inasimama huko ndani, mahali pasipofikika kwa kitambaa. Mtoto ndiye mwenye mkono mwembamba, naye anaombwa aingize mkono wake.